Walipo Wawili Watatu

Katika jumuiya yetu hapa Moshi, mstari unaotajwa kuliko yote ni Mathayo 18:20. Tunakutana alfajiri ya Jumamosi, nyumba kwa nyumba, na masika yakishakolea watu hupungua. Utakuta kina mama wanne, mzee mmoja, na mtoto amelala mgongoni kwa mama yake. Hapo anayefungua kwa sala husema, "Bwana, umesema walipo wawili watatu wamekusanyika kwa jina lako, nawe upo papo hapo katikati yao." Tunaitikia amina, tunaanza.

Ni sala nzuri na ninaiamini. Bwana hasubiri watu wajae. Lakini mimi fundi cherehani, ambaye shule yangu ya Biblia ni mafundisho ya kipaimara na kuhudhuria ibada tangu utotoni, nimekuwa nikiongoza neno katika jumuiya hii kwa miaka sasa, na kitu kilichonijenga kuliko semina zote nilizowahi kukaa ni kuusoma mstari huo pamoja na yaliyoutangulia na yaliyoufuata.

Aliyetuzoesha hivyo ni mwinjilisti mmoja aliyekuwa akituhudumia mtaani. Mtu akisema, "Mstari huu umenigusa," yeye alikuwa anajibu kwa upole, "Bwana asifiwe. Sasa kabla hujatuambia umekugusa wapi, tuambie hapa nani anasema na nani, na wamefikaje hapo." Mwanzoni wengine waliona anatuchelewesha. Tulizoea mtu afungue Biblia, asome mstari mmoja, atoe ushuhuda, tuimbe, tunywe chai, twende sokoni. Yeye akataka sura nzima isomwe kwa sauti, tukipokezana, hata na wale wanaosoma polepole. Alitukumbusha kwamba Mathayo hakuandika namba. Mistari ya Agano Jipya tunayoitumia leo ilitiwa namba na mchapaji Mfaransa, Robert Estienne, mwaka 1551, karne nyingi baada ya mitume. Waumini wa kwanza walisomewa barua nzima, au kisa chote, wakasikiliza mpaka mwisho.

Basi tukaisoma Mathayo 18 yote. Inaanza na wanafunzi kuuliza nani aliye mkuu katika ufalme wa mbinguni, na Yesu anamweka mtoto mdogo katikati yao. Inakuja habari ya kondoo mmoja aliyepotea kati ya mia. Halafu mstari wa 15: "Na ndugu yako akikukosa, enenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu, akikusikia, umempata nduguyo." Asiposikia, chukua mtu mmoja au wawili, ili kila neno lithibitike kwa vinywa vya mashahidi wawili au watatu. Asiposikia hao, liambie kanisa, ndio mstari wa 17. Na ni hapo, baada ya maneno hayo ya ndugu waliokosana, ndipo Yesu anasema walipo wawili watatu.

Aliyekuwa anasoma alisimama mwenyewe pale, akarudia. Tukatazamana. Mstari tuliokuwa tukijifariji nao kwa sababu ya uchache wetu ulikuwa umekaa katikati ya shauri la watu wasiosalimiana.

Siku ile alikuwepo kaka mmoja ambaye kila mtu mtaani alijua ana kesi na kaka yake mkubwa. Sitasema zaidi ya hapo kuwahusu, ila kwamba kesi ilikuwa ya kihamba, yaani shamba la ukoo, cha baba yao huko juu, Old Moshi, na ilianza masale, mimea ya mpakani, yalipong'olewa usiku. Kila mmoja alimtuhumu mwenzake. Walikuwa wamekaa kikao cha ukoo, wakapelekana baraza la ardhi la kata, na wakati wote huo hawakuwahi kukaa wawili tu wakazungumza. Tulipofika mstari wa 20 alitulia kimya, kisha akasema, "Mwalimu, mimi mstari wa 15 sijaufanya. Nimeanzia wa 17."

Mzee wetu mmoja akamjibu kwa neno moja: "Rudi."

Kurudi si kazi nyepesi, wanaojua ugomvi wa kihamba wanajua. Pale ndipo walipozikwa babu na baba. Mtu anaweza kukosa cheo, akakosa fedha, lakini akikosa mahali pa kuzikwa anajiona hana kwao. Kaka yule alisema hana neno la kuanzia. Akifika tu getini, kaka yake ataona amekuja kutafuta ushahidi. Ndipo yule mzee akataja isale.

Kwa asiyetoka huku: isale ni mmea wa majani marefu ya kijani unaopandwa kuzunguka viwanja vya Wachaga kuonyesha mipaka. Ni mmea huohuo unaotumika kuomba radhi. Aliyekosa huchuma jani, hulifunga fundo, humpelekea aliyemkosea, na kwa desturi anayepelekewa isale hatakiwi kukataa kusikiliza. Mmea unaotenganisha shamba la kaka na la mdogo wake ndio unaowarudisha pamoja.

Dada mmoja akapinga, na alipinga kwa moyo safi. Akauliza kama hatuchanganyi mila na injili, kwa sababu tumeokolewa kwa damu ya Yesu na majani hayana uwezo wowote. Tulibishana hadi chai ikapoa. Mtu akakumbusha kwamba hata wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig, Ujerumani, waliofungua kazi Kilimanjaro mwaka 1893, hawakuwa na sauti moja juu ya desturi zetu, na kwamba mmoja wao, Bruno Gutmann, aliyehudumu Old Moshi mpaka 1938, aliona ukoo na ujirani wa Wachaga ni vitu ambavyo kanisa linaweza kujengwa ndani yake bila kuvibomoa. Mimi nilisema, na bado nasema, kwamba jani halisamehi dhambi ya mtu. Msamaha umelipiwa msalabani. Lakini Yesu alisema "enenda", na kama jani linampa mtu aliyekwama ujasiri wa kuvuka geti la ndugu yake, mimi sioni ubaya wa kulishika mkononi. Dada yule hakukubaliana nami siku ile. Tunaheshimiana.

Kaka akapanda peke yake. Kaka yake alilipokea jani, akaliweka juu ya meza, akasema maneno makali kwa muda mrefu. Mdogo mtu hakujibu. Alirudi akiwa amechoka kama mtu aliyebeba mizigo, na kesi ilikuwa palepale. Ila sasa walikuwa wamesemeshana. Baada ya wiki kadhaa kaka mkubwa mwenyewe akaomba waje watu wawili watatu wasimame mpakani, na katika hao nilikuwemo.

Nitalikumbuka lile shamba. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, migomba inadondosha maji, na udongo ule mwekundu unang'ang'ania viatu. Mdogo alishika ncha moja ya kamba, mtoto wa kaka yake akashika nyingine. Kaka mkubwa akawa anachomeka vipande vya masale ardhini, kimoja kimoja, kila kimoja anakikanyagia udongo kwa kisigino, bila kusema. Katikati ya mstari palikuwa na mgomba uliokuwa na mkungu, na kamba ilipita ubavuni mwake kabisa. Wote wawili wakasimama. Mkubwa akaisogeza kamba kidogo upande wake, mgomba ukabaki kwa mdogo, kazi ikaendelea. Yule mzee wetu akavua kofia, akaomba, na aliposema "nawe upo papo hapo katikati yao" mimi sikuweza kuitikia, koo lilikuwa limekaba.

Nisije nikaeleweka kwamba yote yaliisha. Dada yao aliyeolewa hakuitwa siku ile, na sehemu yake bado haijazungumzwa. Nimewaambia, na nitaendelea kuwaambia, kwamba mpaka uliopandwa bila yeye bado una neno la Mathayo 18 linalousubiri.

Jumamosi iliyofuata tulimaliza sura. Petro anauliza amsamehe ndugu yake mara ngapi, hata mara saba? Anajibiwa, "Sikuambii hata mara saba, bali hata saba mara sabini." Kisha mfano wa mtumwa aliyesamehewa talanta elfu kumi, akatoka nje akamkaba mwenzake kwa dinari mia. Maneno haya tumeyasikia tangu watoto, yanapita tu. Mwinjilisti akatuomba tupige hesabu. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku moja, kama inavyoonekana kwa wale wa shamba la mizabibu katika Mathayo 20. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000. Mhazini wetu wa VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, akatoa simu: elfu kumi mara elfu sita ni 60,000,000. Siku milioni sitini za kibarua. Akagawa kwa siku 300 za kazi kwa mwaka, akapata miaka 200,000. Akaniangalia. "Huyu mtu alikuwa anasema 'nivumilie, nami nitakulipa yote pia'. Atalipa lini?"

Na zile dinari mia? Siku mia za kibarua ni karibu miezi minne ukitoa Jumapili. Hapa ndipo niliposhikwa mimi. Siku zote nilifundishwa, au nilisikia hivyo, kwamba deni la yule wa pili lilikuwa kitu kidogo, la kudharau. Si kidogo. Miezi minne ya jasho ni ada ya mtoto, ni bati za nyumba. Yesu hakusema kwamba ulichofanyiwa si kitu. Alikitaja kwa kiasi chake, kisha akakiweka kando ya kile ulichosamehewa. Mama aliyedhulumiwa na mumewe, ukimwambia "samehe, ni jambo dogo", unamwongezea kidonda. Ukimwambia kwamba Bwana anaijua hesabu ya dinari mia zake, hapo ataweza kukusikiliza.

Mstari mwingine tuliousoma namna hiyo ni Yeremia 29:11. Huu umebandikwa kila mahali: kwenye kalenda, kwenye kioo cha daladala, kwenye kadi za mahafali. "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Kijana mmoja wa jumuiya yetu, mwenye stashahada yake na bodaboda ya mkataba, aliupenda sana. Mhubiri mmoja katika mkutano alimtabiria kwa mstari huu kwamba kabla mwezi haujaisha mlango wa ajira utafunguka, akamwagiza apande mbegu ya sadaka. Alitoa. Mwezi ukaisha, na mwingine, na mwingine.

Tulipoisoma sura ya 28 na ya 29 kwa pamoja, alikuwa ameinamia simu yake, Biblia yake iko humo. Kumbe maneno yale ni barua. Yeremia anaandika kutoka Yerusalemu kwa watu waliochukuliwa mateka Babeli pamoja na mfalme Yekonia, mwaka 597 kabla ya Kristo. Na katika sura ya 28 yupo nabii mwingine, Hanania, aliyesema hadharani kwamba nira ya Babeli itavunjwa ndani ya miaka miwili. Yeremia alimwitikia, "Amina, Bwana na atende hivi." Hata yeye alitamani iwe hivyo! Lakini neno alilopewa lilikuwa miaka sabini. Mstari wa 10, ulio jirani kabisa na ule wa kwenye kalenda, unaitaja hiyo sabini waziwazi. Na kabla yake: "Jengeni nyumba, mkakae ndani yake, kapandeni bustani, mkale matunda yake." Waoe, wazae, wautakie amani mji uleule uliowateka.

Kijana akainua kichwa. "Kwa hiyo, mama, mstari huu si wangu?"

Nilikuwa natafuta jibu lakini bibi mmoja akaniwahi. "Mjukuu wangu, ni wako. Ila umeupokea nusu. Mibuni aliyoacha babu yako pale juu, aliipanda akijua hatavuna kesho wala kesho kutwa. Mbuni unaulea miaka mitatu, minne, ndiyo uanze kukupa. Hao watu waliambiwa wakingoja walime. Wewe unangoja umekaa."

Alisema kwa sauti ya kawaida tu, huku anakunja kanga magotini. Nami naona alisema sawa, ingawa neno "umekaa" lilimwonea kidogo, maana kijana yule anaamka saa kumi na moja asubuhi kila siku. Alichokuwa anakisubiri ndicho kilichokuwa kimemkalisha: hakutaka kujifunza ufundi, hakutaka kuchumbia, hakutaka hata kuhama chumba kibovu, kwa sababu kila kitu kingeanza mlango ukifunguka. Tukarudi mstari wa 7, "katika amani yake mji huo ninyi mtapata amani." Akauliza kama bodaboda nayo ni kuitakia Moshi amani. Mzee akasema ukivaa kofia ngumu na usipokimbiza, ndiyo. Tangu hapo amejiunga na chama cha akiba na mikopo cha wenzake wa kijiweni. Ajira hajapata. Mstari bado anaupenda, ila sasa anausoma kuanzia wa kwanza mpaka wa 14.

Nasema haya kwa uchungu kidogo, kwa sababu watu wanaumizwa kwa vipande vya Maandiko. "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu" linatamkwa kama ahadi ya kushinda mtihani, na Paulo aliliandika akiwa kifungoni, baada tu ya kusema amefundishwa kushiba na kuona njaa. Anayekuuzia mstari mmoja bila sura yake, mwombe akusomee sura. Watu wa Beroya hawakumwonea haya hata Paulo. Walilipokea neno, kisha "wakayachunguza maandiko kila siku", na Luka anawaita waungwana kwa sababu hiyo.

Lakini mahali ambapo jambo hili limebadilisha jumuiya yetu kuliko pote ni msibani. Huku kwetu mtu akifiwa, kabla hata turubai halijafungwa, ataambiwa kazi ya Mungu haina makosa, kisha atasomewa Ayubu 1:21, "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa, jina la Bwana na libarikiwe." Tuliwahi kukisoma kitabu cha Ayubu chote, sura 42, kidogo kidogo. Aliyeyasema maneno yale ni Ayubu mwenyewe, juu ya watoto wake mwenyewe. Hakuna aliyemwambia ayaseme. Na katika sura ya tatu huyohuyo Ayubu anailaani siku aliyozaliwa. Rafiki zake walipokuja walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila neno, na hilo lilikuwa jema. Walipofungua vinywa ndipo walipoharibu. Mwishoni Mungu anawaambia kwamba hawakunena yaliyo sawa katika habari zake, "kama alivyonena mtumishi wangu Ayubu." Wao waliomtetea Mungu wakakaripiwa, na aliyelia na kuuliza akaitwa mtumishi.

Basi sasa tukienda kwa mfiwa wa jumuiya, hatumpi mstari mpaka auombe. Tunaosha vyombo, tunachota maji, tunakaa naye mkekani. Mama mmoja aliyezika mtoto wake aliniambia baadaye kwamba katika wiki ile watu wa jumuiya ndio pekee ambao hawakumweleza kwa nini Mungu amefanya vile. Mwenyewe ndiye aliyeomba Biblia, siku ya nne. Akataka Yohana 11, pale Martha anapomwambia Yesu kwamba angalikuwapo ndugu yake hangalikufa. Nikamsomea hadi Yesu alipolia machozi, akasema niache hapo kwanza.

Jumamosi ijayo tunaanza Filemoni. Ni barua ya mistari 25 tu, tutaimaliza kwa kikao kimoja, na imeandikwa pia kwa kanisa lililokuwa likikutana nyumbani mwa mtu, kama sisi. Paulo anamrudisha Onesimo kwa bwana wake, "si kama mtumwa, bali zaidi ya mtumwa, ndugu mpendwa." Nilipompelekea taarifa mama mwenye nyumba tutakayokutania, aliisoma palepale mlangoni, akanyamaza. Kwake yupo binti wa kazi, ambaye kila tukikutana pale huwa jikoni anachemsha chai wakati sisi tunasoma. Mama akaniambia, "Wiki hii chai nitaiandaa mimi usiku, niiweke kwenye chupa. Naye akae, asome zamu yake." Binti mwenyewe ameniuliza kama aje na Biblia yake au atapewa.